Kazi ya Kujitolea katika Wasifu wa Mwombaji Ajira

Kazi ya kujitolea ni kazi anayoifanya mtu kwa hiari yake, bila mshahara, kwa manufaa ya watu wengine au ya taasisi isiyo yake. Mwalimu mhitimu anayefundisha Hisabati katika sekondari ya kata huku akisubiri ajira, kijana wa Msalaba Mwekundu anayetoa huduma ya kwanza uwanjani, mama anayeshika vitabu vya hesabu vya kikundi cha VICOBA, mwanafunzi wa sheria anayepokea wateja katika kituo cha msaada wa kisheria: wote hawa wanafanya kazi. Wanafika kwa saa, wanapokea maelekezo, wanakosolewa, na wasipofika kuna jambo linakwama. Hata hivyo, wanapoketi kuandika wasifu, ambao mtaani huitwa sivii na katika matangazo ya serikali huitwa maelezo binafsi, wengi wao huiacha kazi hiyo nje. Wengine huitaja kwa mstari mmoja mwishoni, chini ya kupenda mpira na kusikiliza muziki.

Anayeumia zaidi ni mhitimu mpya. Matangazo mengi ya ajira, hata ya nafasi za ngazi ya chini, hudai uzoefu wa mwaka mmoja au miwili, na kijana aliyetoka chuoni hujiona hana la kuandika. Mara nyingi analo, ila hajui kwamba linahesabika. Kanuni ya kumwongoza ni moja: kazi ya kujitolea iandikwe kwa vipimo vilevile vinavyotumika kwa kazi ya mshahara, na itajwe waziwazi kuwa ni ya kujitolea. Kanuni hiyo ina pande mbili. Upande wa kwanza unamzuia mwombaji kujipunja, na wa pili unamzuia kudanganya.

Kujitolea na mambo yanayofanana nako

Kabla ya kuandika, mwombaji ajue kazi yake inaangukia wapi, kwa sababu mwajiri mzoefu hutambua upesi jina lililopachikwa pasipo pake.

Mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi huyaita fildi, ni sehemu ya masomo: chuo ndicho humpeleka mwanafunzi, msimamizi humtembelea, na mwishoni alama hutolewa. Mafunzo tarajali ya daktari baada ya kuhitimu ni hatua ya kuelekea usajili kamili wa taaluma. Uanagenzi ni kujifunza ufundi ukiwa kazini, chini ya fundi. Yote matatu ni uzoefu halali, lakini kila moja lina jina lake. Mwanafunzi aliyemaliza fildi ya wiki nane, kisha akaombwa abaki na akabaki miezi sita bila malipo, ana mambo mawili ya kuandika: fildi ya wiki nane na kujitolea kwa miezi sita.

Kazi ya muda yenye malipo nayo si kujitolea. Makarani waliohesabu watu katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 nchini Tanzania walilipwa, na waandikishaji wa wapiga kura hulipwa pia. Hizo ni ajira za mkataba mfupi, na mahali pake ni chini ya uzoefu wa kazi. Anayeziita kujitolea anajipunja mwenyewe.

Posho huwachanganya wengi. Kurudishiwa nauli, kupewa chakula cha mchana au kupata fedha kidogo za kujikimu hakugeuzi kazi ya kujitolea kuwa ajira. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa watu wa kujitolea, ulioanzishwa mwaka 1970, huwapa watu wake posho ya kujikimu kila mwezi, nao bado huitwa wajitoleaji. Kinachotofautisha ni makubaliano: kama fedha iliyotolewa ililenga kufidia gharama na haikuwa ujira wa kazi, neno kujitolea linabaki sahihi.

Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) la Tanzania, lililoanzishwa Julai 1963, lina makundi mawili ya vijana. Wako wanaokwenda kwa mujibu wa sheria baada ya kumaliza kidato cha sita, na wako wanaojiunga kwa kujitolea kwa miaka miwili. Anayeandika JKT kwenye wasifu ataje kundi lake, kambi na mwaka, kwa sababu vyombo vya ulinzi na usalama vinapotangaza nafasi huuliza jambo hilo mara kwa mara.

Kazi za pamoja za kijiji au mtaa, kama kusomba mawe na kufyatua tofali siku ya msaragambo, ni wajibu wa kila mkazi. Kushiriki kwake hakuandikwi. Kinachoandikwa ni dhamana: aliyekuwa katibu wa kamati ya ujenzi wa darasa, akatunza kumbukumbu za michango na kupokea saruji kwa hati, ana jambo ambalo mwajiri atataka kulijua.

Vyeo navyo hubadilika. Nchini Kenya, waliokuwa wakihudumu kwa kujitolea katika afya ya jamii walipewa jina jipya na vifaa vipya katika mpango wa watu 100,000 uliozinduliwa Septemba 2023. Aliyehudumu kabla na baada ya mabadiliko kama hayo aandike cheo kilichotumika wakati ule, kisha cha baadaye, na kila kimoja kipewe tarehe zake.

Kinachoangaliwa na mwajiri

Afisa rasilimaliwatu anayechuja maombi hana muda mrefu kwa kila mwombaji. Anatafuta majibu ya maswali machache: je, mtu huyu anaiweza kazi hii, je, ataidumu, je, kuna mtu anayeweza kumsemea? Cheti cha chuo hujibu nusu tu ya swali la kwanza. Kazi ya kujitolea, ikiandikwa vizuri, hugusa yote matatu: inaonyesha ujuzi ukitumika, inaonyesha mtu aliyebaki kazini wakati angeweza kuondoka siku yoyote, na inaleta msimamizi anayeweza kupigiwa simu.

Utafiti uliofanywa nje ya Afrika Mashariki unaunga mkono jambo hili. Mwaka 2013 wakala wa serikali ya Marekani unaohusika na huduma za kujitolea ulitoa ripoti iliyochambua takwimu za miaka kumi kuhusu watu wasio na kazi. Waliojitolea walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kazi, kwa asilimia 27, kuliko wasiojitolea. Kwa wale ambao hawakumaliza sekondari tofauti ilifika asilimia 51, na kwa wakazi wa vijijini asilimia 55. Takwimu hizo hazithibitishi kwamba kujitolea peke yake ndiko kulikoleta ajira, maana huenda wanaojitolea wana bidii tangu mwanzo. Lakini mwelekeo wake unaeleweka: faida ni kubwa zaidi kwa yule mwenye mambo machache ya kujionyesha nayo.

Jaribio jingine lilifanyika Ubelgiji na kuchapishwa mwaka 2016 na watafiti Stijn Baert na Sunčica Vujić. Walituma kwa waajiri maombi ya kazi ya watu wa kubuni, mengine yakiwa na majina ya wenyeji na mengine ya wahamiaji. Pale ambapo kujitolea hakukutajwa, wenyeji waliitwa kwenye usaili zaidi ya mara mbili ya wahamiaji. Pale ambapo kujitolea kulitajwa, tofauti hiyo haikuonekana tena. Kwa Mtanzania, Mkenya au Mkongo anayetafuta kazi Ulaya, matokeo haya yana uzito wa pekee. Mkalimani wa kujitolea anayewasaidia wakimbizi wanaozungumza Kiswahili hospitalini au shuleni anafanya kazi yenye thamani katika soko la huko, na haifai kuificha.

Upo mpaka, hata hivyo. Kujitolea hakufuti masharti ya taaluma. Muuguzi anahitaji leseni na wakili anahitaji kuandikishwa, hata kama kila mmoja wao amejitolea miaka mitano. Vilevile, tangazo linapodai miaka mitatu ya uzoefu katika nafasi fulani, tangazo lenyewe na mwajiri mwenyewe ndio wanaoamua kama kujitolea kunahesabika. Mwombaji aandike ukweli na amwachie msomaji hesabu hiyo.

Mahali pa kuiweka

Hakuna mahali pamoja panapomfaa kila mtu. Uamuzi unategemea mambo mawili: uhusiano wa kazi hiyo na nafasi inayoombwa, na wingi wa kazi nyingine alizonazo mwombaji.

Kwa mhitimu mpya, au kwa yeyote ambaye kazi yake ya kujitolea inafanana na nafasi anayoomba, mahali pake ni chini ya kichwa cha Uzoefu wa Kazi, pamoja na kazi nyingine, kwa mpangilio wa tarehe kuanzia ya karibuni. Neno kujitolea lifuate cheo. Mwalimu aliyefundisha bila mshahara mwaka mzima amefundisha, na shule inayotafuta mwalimu inataka kuliona jambo hilo juu ya ukurasa.

Kwa mwenye miaka mingi ya ajira, ambaye kujitolea kwake kuko nje ya fani, inafaa kichwa cha peke yake: Kazi za Kujitolea au Huduma kwa Jamii. Mhandisi mwenye miaka kumi kazini ambaye Jumamosi huwafundisha vijana wa skauti hahitaji zaidi ya mistari miwili hapo.

Kwa anayebadili fani, mambo hugeuka. Karani wa benki anayetaka kuingia katika mashirika ya maendeleo anaweza kuwa na ajira ndefu isiyohusika sana na kujitolea kufupi kunakohusika moja kwa moja. Huyu agawe uzoefu wake katika vichwa viwili, cha kwanza kikiwa kile kinachohusiana na nafasi, bila kujali nani alilipa na nani hakulipa.

Kwa aliyepumzika kazi, labda kwa kulea watoto, kuuguza mzazi au kupunguzwa kazini, kujitolea huziba pengo la tarehe. Miaka mitatu isiyo na neno humfanya msomaji akisie. Miaka hiyohiyo ikiwa na mstari unaosema katibu wa kamati ya wazazi wa shule, wenye kazi na tarehe, humwondolea haja ya kukisia.

Wanaoomba kwa njia ya mtandao hukutana na vichwa vilivyokwisha kupangwa. Mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma nchini Tanzania una sehemu za elimu, uzoefu wa kazi, mafunzo, lugha, kompyuta na wadhamini. Hapo kazi ya kujitolea iingizwe kwenye sehemu ya uzoefu, na cheo kionyeshe wazi kuwa ni cha kujitolea. Mtandao wa LinkedIn uliongeza sehemu ya kujitolea mwaka 2011, na huko inaweza kukaa peke yake. Muhimu ni kwamba tarehe na vyeo vilingane kila mahali. Wasifu unaosema Machi na mtandao unaosema Juni huzua mashaka ambayo mwombaji hatapewa nafasi ya kuyaeleza.

Namna ya kuiandika

Wahenga walisema chema chajiuza, lakini kwenye wasifu chema hakijiuzi mpaka kiandikwe kwa ukamilifu. Mstari wa kazi ya kujitolea unahitaji mambo matano: cheo, taasisi, mahali, tarehe pamoja na kiasi cha muda, na kazi iliyofanyika pamoja na matokeo yake. Kikikosekana kimoja, msomaji anabaki na swali.

Mfano wa kwanza ni wa mhitimu wa uhasibu aliyekuwa mhazini wa kikundi cha VICOBA mtaani kwao. Vikundi hivi hukusanya hisa za wanachama kila wiki, hukopeshana, hutunza mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na magonjwa, na hufunga mzunguko kwa kugawana. Sanduku la fedha huwa na kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya aina hii viko katika daraja la nne la watoa huduma ndogo za fedha, na hutakiwa kusajiliwa na kutunza kumbukumbu. Kwa mhasibu, basi, kazi hii ni ya fani yake hasa. Lakini katika wasifu wake wa kwanza aliandika hivi:

*Nimewahi kujitolea katika kikundi cha VICOBA.*

Sentensi hiyo haimwambii msomaji chochote, kwa sababu hata aliyekwenda kikao kimoja kupanga viti anaweza kuiandika. Mstari kamili unaweza kuwa hivi:

*Mhazini (kujitolea), kikundi cha VICOBA chenye wanachama 30, Morogoro. Machi 2022 hadi Desemba 2023, takribani saa nne kwa wiki.*
*Kutunza daftari la hisa, mikopo na mfuko wa jamii.*
*Kulinganisha fedha za sandukuni na daftari kila kikao, mbele ya washika funguo watatu.*
*Kuhamisha kumbukumbu za mzunguko mzima kutoka daftarini kwenda kwenye Excel na kumfundisha mhazini aliyefuata.*
*Kuandaa hesabu za kufunga mzunguko, ambazo zilikaguliwa na kamati na kulingana na fedha zilizokuwepo.*

Kila mstari wa hapo unaweza kuulizwa swali kwenye usaili na ukajibika. Mwajiri anayetafuta karani wa hesabu anaona usuluhishi wa fedha, utunzaji wa vitabu, matumizi ya kompyuta na uaminifu uliopimwa na watu ambao fedha ni zao. Neno mwaminifu halikuandikwa popote, wala halikuhitajika.

Mfano wa pili ni wa mwalimu. Badala ya kuandika *kufundisha shuleni kwa kujitolea*, aandike kwa lugha ya kazi yake:

*Mwalimu wa Hisabati (kujitolea), shule ya sekondari ya kata, Kilosa. Januari hadi Novemba 2023, vipindi 18 kwa wiki.*
*Kufundisha mikondo miwili ya Kidato cha Pili, jumla ya wanafunzi 94.*
*Kuandaa azimio la kazi na maandalio ya somo, yaliyokaguliwa na mkuu wa taaluma.*
*Kutunga na kusahihisha mitihani ya ndani.*
*Kuendesha vipindi vya jioni vya marudio kabla ya Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili.*

Maneno azimio la kazi, andalio la somo na mkuu wa taaluma humfanya mkuu wa shule anayesoma atambue kwamba mwombaji amekuwa ndani ya shule kweli. Kila fani ina maneno yake, na mjitoleaji anayeyatumia kwa usahihi hujitambulisha bila kujisifu.

Kuhusu matokeo, tahadhari moja inahitajika. Mjitoleaji asijitwalie mafanikio ya taasisi nzima. Ufaulu wa shule ukipanda, walimu wengi wamechangia pamoja na wanafunzi wenyewe. Anachoweza kudai ni sehemu yake: idadi aliowafundisha, vipindi alivyoongeza, wanafunzi wangapi wa darasa lake walivuka daraja fulani ikiwa ana kumbukumbu. Asipokuwa na takwimu, aeleze kazi yenyewe kwa uwazi. Namba za kubuni ni mbaya kuliko kukosa namba.

Kuhesabu muda

Kosa linalojirudia ni kuandika tarehe bila kiasi cha muda. Sheria za kazi Tanzania zinaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Aliyejitolea kwa saa nne kila Jumamosi, kwa wiki 48, amefanya kazi saa 192, yaani zaidi kidogo ya wiki nne za kazi kamili. Akiandika *uzoefu wa mwaka mmoja* bila maelezo, msomaji ataelewa jambo ambalo halikutokea. Akiandika *mwaka mmoja, kila Jumamosi, kwa saa nne*, amesema ukweli, na ukweli huo una sifa yake: amedumu mwaka mzima na jambo moja.

Kwa kazi za matukio, kama huduma ya kwanza kwenye mikutano mikubwa au kampeni za chanjo, ni vyema matukio yakusanywe katika mstari mmoja wenye idadi na kipindi, badala ya kila siku kupewa mstari wake. Kazi za zamani zipunguzwe. Uongozi wa klabu ya sekondari unafaa kwa mwenye miaka 20, lakini kwa mwenye miaka 35 umekwisha muda wake.

Dini, siasa na siri za watu

Sehemu kubwa ya kujitolea Afrika Mashariki hufanyika misikitini, makanisani na katika vyama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya dini na maoni ya kisiasa, pamoja na mambo mengine. Hata hivyo, mwombaji ndiye anayeamua afunue kiasi gani. Njia nzuri ni kutanguliza kazi. Aliyeratibu chakula cha watu 200 katika futari ya pamoja, au aliyesimamia hesabu za ujenzi wa kanisa, ana uzoefu wa uratibu na wa fedha, na anaweza kuueleza huo kwanza. Jina la taasisi litajwe pale linapohitajika kwa uthibitisho. Mwombaji akiona kwamba kulitaja kutamzidishia mashaka kuliko faida, anaweza kuacha mstari huo bila kukosea, mradi asibadilishe jina la taasisi kuwa jingine.

Siri za watu ni jambo lisilo na hiari. Aliyejitolea katika kliniki, kituo cha ushauri nasaha au msaada wa kisheria asiandike habari zitakazomtambulisha mgonjwa au mteja. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata bila sheria hizo, mwajiri anayemwona mtu akianika siri za alikotoka atajua na zake zitaanikwa. Inatosha kuandika aina ya huduma, idadi ya waliohudumiwa na utaratibu uliofuatwa.

Kutosema uongo

Kishawishi cha kawaida ni kuliondoa neno kujitolea ili kazi ionekane ya mshahara. Kingine ni kurefusha miezi mitatu iwe mwaka. Vyote viwili hugundulika kwa simu moja. Uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma Tanzania, ambao matokeo yake yalitangazwa Aprili 2017, uliwabaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini, wengine baada ya miaka mingi ya utumishi. Matangazo ya ajira serikalini huonya kwamba atakayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria, na onyo hilo linahusu maelezo ya uzoefu kama linavyohusu vyeti. Neno kujitolea halimshushi mtu. Kinachomshusha ni kugunduliwa kwamba alilificha.

Ushahidi

Kazi ya mshahara huacha nyaraka zake: mkataba, hati za malipo, michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Kazi ya kujitolea haiachi kitu mpaka mtu akitafute, na kukitafuta kuanze siku ya kwanza. Mjitoleaji aombe barua ya kupokelewa inayoonyesha cheo, idara, tarehe ya kuanza na siku za kufika. Katikati atunze daftari lake mwenyewe la tarehe, kazi na idadi. Anapoondoka aombe barua ya utumishi yenye nembo, mhuri, jina na cheo cha msimamizi. Kukumbuka baada ya miaka mitatu, mkuu wa shule akiwa amehamishwa na ofisi ikiwa na watu wapya, ni kuchelewa.

Barua hiyo ni nyongeza, haiwi badala ya cheti cha elimu. Sekretarieti ya Ajira hudai nakala zilizothibitishwa za vyeti halisi na haikubali hati za matokeo ya muda wala barua za sifa mahali pa vyeti. Lakini hudai pia majina matatu ya wadhamini wa kuaminika, na hapa ndipo kujitolea kunapomsaidia mhitimu. Mdhamini aliyemsimamia mwombaji kazini miezi tisa ana mengi ya kusema kuliko mjomba mwenye cheo. Aombwe ridhaa kabla jina lake halijaandikwa, namba yake ya simu ihakikiwe kuwa inapatikana, na apelekewe wasifu ili naye ajue kilichoandikwa.

Kuieleza kwenye usaili

Kilichoandikwa kitaulizwa. Swali la kwanza huwa rahisi: ulikuwa unafanya nini hasa? Jibu zuri ni la tukio moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mhazini wa VICOBA aeleze siku fedha za sandukuni zilipopungua kuliko daftari, alivyorudi ukurasa kwa ukurasa, alipoikuta tofauti, na kikao kilivyoamua. Swali la pili huwa gumu zaidi: kwa nini ulifanya bila kulipwa? Hapo haifai kujifanya malaika wala kulalamika. Kusema *nilikuwa natafuta ajira na sikutaka ujuzi wangu ulale* ni jibu la heshima, na wasaili wengi watalielewa kwa sababu wanaijua hali ya soko.

Lugha iwe ile iliyodaiwa na tangazo. Maombi ya utumishi wa umma Tanzania huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na mwombaji anayeandika kwa lugha moja ajiandae kuulizwa kwa nyingine. Vyeo vya kujitolea avitafsiri mapema na avitumie vilevile kwenye barua, kwenye wasifu na mdomoni.

Wajibu wa taasisi inayopokea

Mzigo wa kuithibitisha kazi ya kujitolea hauwezi kubebwa na mjitoleaji peke yake. Shule, hospitali, halmashauri na mashirika mengi huendesha shughuli zake za kila siku kwa mikono ya watu wasiolipwa. Taasisi hizo ziwape cheo kinachoeleweka tangu mwanzo, ziwape msimamizi mmoja anayejua wanachokifanya, ziweke rejista ya mahudhurio yao kama ya watumishi wengine, na zitoe barua ya utumishi siku ya kuondoka bila kumzungusha mtu. Gharama yake ni karatasi na dakika chache za msimamizi. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima bila mshahara ana haki ya kuondoka na ukurasa mmoja wenye mhuri unaosema alifanya nini, na taasisi inayomnyima ukurasa huo isipokee tena watu wa kujitolea.